Asante, dada muuguzi wa zamu ya usiku

Sikuuliza jina lako, na labda hungependa nilitaje hapa. Wewe ndiye uliyempokea kaka yangu usiku ule tulipomleta kwa bajaji kutoka Ujiji, mikono inamtetemeka, anaongea na watu ambao sisi hatukuwaona.

Alikuwa ameacha gongo ghafla, siku ya tatu. Majirani walisema karogwa. Mahali pa kwanza tulipokwenda tuliambiwa tumrudishe nyumbani, walevi hawalazwi. Iliniuma sana. Wewe ulitukalisha ukatueleza kwamba mwili uliozoea pombe kwa miaka, ikikatwa kwa mara moja, unaweza kupata degedege, hata mtu akafa. Kwamba huu ni ugonjwa na una dawa. Ukamchoma sindano ya vitamini B1, ukamfunika kwa khanga yako mwenyewe maana shuka lilikuwa limelowa jasho.

Mama hakuelewa Kiswahili cha hospitali. Ukamrudia yote kwa Kiha, polepole, umemshika kiganja. Kitanda cha pili alikuwepo mama mkimbizi kutoka Kongo, naye ukamtafutia mtu wa kuzungumza naye Kibembe. Anayeumwa akili atajielezaje kwa lugha ya kuazima?

Kaka sasa yuko mwezi wa nne bila pombe. Kliniki hakosi, na juzi alirudi ziwani usiku kuvua dagaa na wenzake. Mama anakuombea kila alfajiri. Asante sana, dada yetu.