Matembezi ya kinamasini Jumamosi

Habari za jioni ndugu zangu,

Jumamosi tunakwenda kinamasini kama tulivyokubaliana. Tukutane kwenye daraja la mbao kabla jua halijachomoza. Mabata bukini waliolala majini huruka kwenda malishoni mara tu kunapopambazuka, na mkichelewa mtakuta manyoya yanaelea.

Mbwa wangu atakuja, ila safari hii hatoki kwenye kamba. Mliokuwepo mara ya mwisho mnajua kwa nini: alijitosa kwenye matete, kundi zima la chamchanga likapaa kwa mkupuo. Tulicheka, lakini kosa lilikuwa langu. Baridi hii ndege wanashinda wakitafuta chakula cha kuwavusha usiku, na kila wakikurupushwa wanapoteza nguvu bure. Mkimwona aliyesimama kwa mguu mmoja, wa pili kauficha manyoyani, msidhani kaumia, anatunza joto. Mwacheni.

Korongo nao wanataka subira. Juzi nilimtazama mmoja kama dakika kumi, hatikisiki, utando wa barafu umemzunguka miguuni. Ghafla shingo ikafyatuka, na samaki akawa anashuka kooni. Mbwa mwenyewe alibaki kakodoa macho.

Vaeni buti za mpira na soksi mbili mbili. Nina darubini ya ziada, tutapokezana. Mwenye mbwa mwingine amwache nyumbani tafadhali, huyu mmoja anatutosha. Manyunyu hayatuzuii, ukungu mzito ukishuka nitawajulisha hapa alfajiri tuahirishe.