Utalii si kupanda mlima tu

Mhariri,

Kurasa zenu za utalii zimejaa Kilimanjaro, kana kwamba asiye na mapafu ya chuma akae nyumbani. Hapa Cambridge, Uingereza, ninakoishi, kwenda kijiji cha Grantchester ni kama kilomita 3, tambarare tupu, kandokando ya mto Cam. Kiangazi unapita katikati ya ng'ombe wanaojilia nyasi, unasukuma kigeti, unakifunga, unaendelea. Kijijini kuna kanisa la kale na nyumba za kuezekwa nyasi. Mama mkwe wangu, na magoti yake yale, alifika akilalamikia matope tu. Tena njia ya umma ikikatiza shamba la mtu, kisheria mwenyewe hana ruhusa ya kuiziba. Andikeni na habari za njia kama hizi.

Msomaji wenu,
Cambridge