Taarifa ya Mwenyekiti wa chama cha kampuni ndogo za anga za juu za Ulaya kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, 2025

Ndugu wanachama,

Tarehe 25 Juni 2025 Kamisheni ya Ulaya ilitoa muswada wa sheria ya anga za juu kwa Umoja wa Ulaya mzima. Hadi sasa baadhi ya nchi zina taratibu zake, na nyingine hazina sheria kabisa. Muswada unagusa mambo matatu: usalama wa obiti, yaani njia za setilaiti kuzunguka dunia, na taka zinazozagaa humo, ulinzi wa mitambo dhidi ya wadukuzi, na athari kwa mazingira. Ukipita ulivyo, utaanza kutumika mwaka 2030.

Huu ndio uliokula muda wetu mwingi. Kampuni kubwa zina ofisi Brussels na wanasheria wa kusoma kila kifungu. Watengenezaji wa vyombo vya anga wana pia chama chao, Eurospace, kinachowasemea tangu 1961. Sisi, ambao wengi wetu tuna wafanyakazi kumi au ishirini, tuna kamati ya sera ya watu wanne wanaojitolea jioni baada ya kazi. Nawashukuru kwa dhati.

Kamati haikuandika kwamba muswada ni mzigo, maana kila mdau huandika hivyo. Iliwaomba ninyi hesabu: tathmini ya hatari itakula saa ngapi za mhandisi, majaribio yapi yatabidi yarudiwe, na nani atalipa. Kisha ikapita kifungu kwa kifungu na kupendekeza maneno mbadala. Ofisa anayeandaa sheria hajawahi kuunganisha setilaiti ndogo kwa mikono yake, wala hilo si kosa lake. Anahitaji mtu wa kumweleza kazi ilivyo, na anayempa maneno yaliyo tayari kuingia kwenye rasimu husikilizwa kuliko anayelalamika. Muswada umeweka masharti mepesi kwa kampuni ndogo. Sasa uko mbele ya Bunge la Ulaya na Baraza la mawaziri, na huko nafuu hiyo inaweza kupunguzwa kimyakimya. Tutailinda.

Wapo wanachama wanaoona haya kuitwa washawishi. Mimi sioni. Tumejiandikisha katika Rejista ya Uwazi, orodha ya Umoja wa Ulaya ya wanaoshawishi watunga sheria, na Kamishna akikutana na kundi kama letu, mkutano huo hutangazwa.

Mambo ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, huenda kwa njia nyingine, kwa kuwa si chombo cha Umoja wa Ulaya. Fedha zake huamuliwa na serikali moja moja, hivyo barua zetu zilikwenda kwa mawaziri wa nchi zenu. Novemba mjini Bremen nchi wanachama ziliahidi euro bilioni 22.1, mwaka 2022 mjini Paris zilikuwa bilioni 16.9.

Lakini kuhusu kanuni ya mgawo, inayotaka mchango wa kila nchi uirudie kwa njia ya mikataba ya viwanda vyake, tulinyamaza. Wanachama wa nchi ndogo wanaihitaji ili wapate zabuni; wengine wanasema inapandisha gharama na kuchelewesha kazi. Nilihofia mgawanyiko, nikaahirisha mjadala mara mbili. Nilikosea: wengine walisema, nasi hatukuwepo.

Suala hilo ni ajenda ya nne leo mchana. Rasimu mbili za msimamo zimo kwenye makabrasha yenu. Tutapiga kura kabla ya kuondoka ukumbini, na matokeo yatapelekwa kwa mawaziri wiki hii.

Mwenyekiti