Kabla ya kuchangisha upasuaji wa macho

Mhariri,

Makundi ya WhatsApp ya ukoo na mtaa hapa Dar es Salaam hayaishi picha za bibi au babu aliyefungwa bandeji, na chini yake namba ya kupokelea michango. Nia ni njema. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi ya daktari inayosema jicho lina nini.

Mtoto wa jicho hutibika: mgonjwa huchomwa ganzi, lenzi iliyoingia ukungu hutolewa na lenzi bandia hupachikwa. Presha ya jicho ni habari nyingine. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo ukishakufa, hakuna kisu kitakachoufufua. Upasuaji wake hulinda nuru iliyobaki tu. Wachangiaji wasipoambiwa hivyo mapema, watasema wametapeliwa.

Kwa hiyo mzee aanzie kliniki ya macho ya hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala. Akiwa na miaka 60 au zaidi na hana uwezo, sera ya afya inampa msamaha wa gharama za matibabu. Abebe kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, amwone afisa ustawi wa jamii kabla hajalipa chochote. Kudai fedha iliyokwisha kulipwa ni safari nyingine.

Lakini msamaha haulipi bajaji. Andikeni nauli ya watu wawili, mgonjwa na msindikizaji wake, kwa siku ya vipimo, siku ya upasuaji, kesho yake, kisha marudio ya wiki ya kwanza na ya mwezi. Andikeni dawa za matone za wiki 4 hadi 6, na miwani ya kusomea. Kipimo cha urefu wa jicho msikiruke hata kidogo: kosa la milimita 1 hupotosha nguvu ya lenzi bandia kwa karibu diopta 3 (diopta ni kizio cha nguvu ya lenzi), na mzee aliyepasuliwa vizuri kabisa anabaki kuona ukungu bila miwani.

Presha ya damu na sukari zishushwe wiki kadhaa kabla. Zikikutwa juu asubuhi ya upasuaji, mgonjwa anarudishwa na nauli imekwenda. Jicho linalotoa tongotongo nalo litibiwe kwanza, maana vijidudu vyake vikiingia ndani vinaweza kuliua.

Baada ya upasuaji, jicho likiuma, likawa jekundu na nuru ikapungua, arudi hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Nauli ya dharura hiyo itengwe tangu mwanzo, isichanganywe na ya marudio.

Wauguzi wa macho wastaafu,
Temeke, Dar es Salaam