Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa mamlaka ya utangazaji

YAH: NAFASI YA MTAZAMAJI KATIKA RUNINGA ZA JAMII

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Mwombaji wa leseni ya runinga ya jamii akiulizwa wananchi wanashirikije katika kituo chake, jibu lake linajulikana kabla hajalitoa: wanapiga simu studio, wanatuma salamu kwa ujumbe mfupi, wanachagua wimbo, na siku ya sherehe kamera huwafuata huko huko waliko. Barua hii ina ombi moja: jibu hilo lisikutoshe.

Si kwamba tunazidharau salamu. Wengi wetu tunazipenda, na kusikia jina la mama yako likitajwa hewani si jambo dogo. Lakini tazama mwenye kauli ni nani simu hiyo inapoingia. Mada imepangwa na kituo, swali ni la mtangazaji, mgeni studioni amealikwa na meneja, na mpiga simu akianza kugusa penye kidonda, laini inakatika. (Laini hizi zina bahati ya kukatika panapostahili.) Kipindi kikiisha, mtazamaji hana alichobadilisha, wiki ijayo atakuta mada nyingine aliyopangiwa. Na asiyesikia hana hata hiyo simu. Runinga za biashara nazo hupokea simu namna hiyo hiyo. Sasa kama kipimo ni hicho, kituo cha jamii kinapewa leseni yake ya pekee kwa sababu gani?

Wenzetu wa Afrika Kusini walilitolea jambo hili kauli mapema. Sheria yao ya Utangazaji ya mwaka 1999, inapoeleza utangazaji wa jamii ni upi, inataka usiendeshwe kwa faida, na uwahimize wanajamii kushiriki katika kuchagua na kutoa vipindi. Kuchagua na kutoa ni mambo mawili, na yote hufanyika kabla kipindi hakijaruka. Mwaka 2001, Mkataba wa Afrika kuhusu Utangazaji uliopitishwa Windhoek ukasema utangazaji wa jamii ni ule ulio kwa ajili ya jamii, unaofanywa na jamii na unaoihusu jamii, ambao umiliki na uendeshaji wake unaiwakilisha jamii hiyo. Salamu hazimo humo.

Nianze na kuchagua, maana hapo ndipo tunapoachwa nje bila hata kujua. Ratiba ya vipindi hupangwa na watu wachache chumbani: meneja, mtu wa matangazo ya biashara, na majira ya uchaguzi huongezeka mtu wa tatu asiyetajwa. Tunachoomba ni kamati ya vipindi iliyochaguliwa na wakazi katika mkutano wa wazi, ambamo wafanyakazi wa kituo si wengi kuliko wakazi. Ikae kabla ratiba mpya haijapangwa, maana kamati inayoitwa kupongeza ratiba iliyokwishachapishwa ni mapambo. Muhtasari wa kikao usomwe hewani. Na kikao kiwekwe saa ambayo watu wanaweza kufika. Cha saa nne asubuhi siku ya kazi kitawaleta wastaafu na wagombea, halafu tutaambiwa wananchi hawana mwamko.

Kutoa kipindi ni kazi ngumu zaidi, na ndiko kwenye mafunzo mengi. Januari 1984, Ludwigshafen, Ujerumani, walifungua chaneli ya wazi, ya kwanza nchini humo, kwa utaratibu mwepesi: mkazi anakuja na kipindi chake, kinaingia kwenye foleni, kinarushwa zamu yake ikifika. Kituo hakiulizi kama kipindi kinapendeza. Aliyekitengeneza ndiye anayebeba dhamana ya kilichosemwa. Foleni ina ubaya wake, kwani hutoa usiku mmoja mafunzo ya uvuvi, mahubiri na mashairi bila mpango wowote. Lakini haina ndugu wala mfadhili, na mtu asiyejulikana na yeyote kituoni anajua lini zamu yake itafika.

Marekani ilijaribu kwa njia ya kanuni, na yaliyoipata yanakuhusu wewe hasa, Mheshimiwa. Mwaka 1972 tume yake ya mawasiliano iliziagiza kampuni mpya za runinga ya kebo, katika masoko 100 makubwa, zitenge chaneli moja ya umma, yaani ya kutumiwa na wakazi wenyewe, moja ya elimu na moja ya serikali za mitaa. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ikasema tume ilivuka mipaka ya mamlaka yake, na agizo likaanguka. Bunge likaja na sheria mwaka 1984: kila mji unaweza kudai chaneli hizo katika mkataba wake na kampuni, na kutoza ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ya kampuni. Ikakataza pia kampuni kuingilia maudhui ya chaneli hizo. Hata hivyo haikuulazimisha mji kutumia ada hiyo kwa runinga ya wakazi, wala kudai chaneli zenyewe. Kwa hiyo mji uliojadiliana vizuri ulipata studio, kamera za kuazima na walimu. Uliolala haukupata kitu. Haki ambayo haikuandikwa kwenye mkataba ilitegemea hisani ya aliyekuwa ofisini mwaka huo. Kwetu, mkataba huo ni leseni unayoitia saini.

Kuna jambo jingine ambalo vituo vyetu hulikwepa: mtu kuona picha zake kabla wengine hawajaziona. Mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo, Newfoundland nchini Kanada, watengenezaji wa filamu wa bodi ya taifa ya filamu walirekodi wavuvi ambao serikali ilikuwa ikifikiria kuwahamisha. Filamu zile zilionyeshwa kwanza kwa wenyewe kisiwani, nao wakawa na kauli juu ya kinachobaki na kinachokatwa. Kisha zikapelekwa kwa viongozi wa jimbo. Waziri wa uvuvi alipoona anakosolewa, aliomba ajibu naye kwa filamu, na jibu lake likarudishwa kisiwani. Wakazi wale hawakuhama. Walianzisha chama cha ushirika cha uvuvi. Sisemi filamu peke yake ndiyo iliyowaokoa. Nasema waziri alijibu, kwa sababu aliyekuwa akizungumza mbele yake alikuwa mvuvi, si mtangazaji anayemnukuu mvuvi.

Najua utakayoambiwa na wamiliki. Watasema wananchi hawajui kamera, picha zitatikisika na sauti itakuwa mbovu. Ni kweli, mwanzoni. Ndiyo maana mafunzo yawe sharti la leseni: kushika kamera, kuweka kipaza sauti, kuhariri, na pia sheria ya kashfa na haki ya anayerekodiwa. Simu za mkononi leo zinatosha kuanzia. Picha inayotikisika inavumilika. Sauti isiyosikika ndiyo inayomfukuza mtu, kwa hiyo fedha kidogo zikiwapo zinunue vipaza sauti kwanza.

Watasema pia kwamba uwanja ukiachwa wazi utatekwa na wenye chuki au wenye chama. Hofu hii siidharau. Lakini sheria za uchochezi na kashfa zinamhusu mtu binafsi kama zinavyokihusu kituo. Kila kipindi kiwe na jina na saini ya aliyekileta. Dhidi ya kutekwa, weka ukomo wa saa kwa kila mtu au kikundi kwa mwezi, na wagombea wasiendeshe vipindi wakati wa kampeni. Aliyetajwa vibaya apewe nafasi ya kujibu saa ile ile aliyotajwa, maana masahihisho ya saa nane usiku hayamfikii aliyesikia tuhuma saa mbili.

Kwa hiyo, leseni zijazo za runinga za jamii ziandikwe saa za wiki ambazo ni za wakazi, na baadhi ya saa hizo ziwe za jioni. Idadi uipange wewe baada ya kuvisikiliza vituo na sisi pia. Marudio yasihesabiwe. Ziandikwe kamati ya vipindi na namna inavyochaguliwa, mafunzo, na lugha ya alama angalau katika vipindi vya mijadala. Ombi la kuhuisha leseni lisikilizwe hadharani, mahali kituo kinapoonekana, si makao makuu pekee.

Na kila kituo kiweke mapokezi daftari linaloonyesha nani aliomba nafasi, lini, na alijibiwa nini. Mtazamaji yeyote aruhusiwe kulifungua bila barua ya utambulisho. Wakaguzi wako wakifika, waanzie kwenye daftari hilo kabla hawajaonyeshwa studio.

Wako mtiifu,
Mtazamaji