Viroba vyako vya bitiruti

Leicester, Septemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na Baba mfikishie shikamoo yake. Sisi huku wazima, ila baridi imeshapiga hodi.

Nimeitazama tena ile picha ya viroba vyako hapo uani Tabata. Majani yamestawi, mashallah, lakini chini vijimkia vya panya. Ukauliza kama mbegu za Kariakoo zilikuwa feki. Hapana Mama, zimesongamana tu. Ile unayoiona punje moja ni kifundo, ndani mna mbegu mbili, tatu, hata nne. Mimi mwaka wa kwanza nilipanda moja moja kwa rula, miche ikatoka kwa mafungu, nikaona huruma kung'oa. Nikavuna mikia kama yako. Ukipanda tena, acha mche mmoja kila sentimita 10. Inayong'olewa tia kwenye sufuria pamoja na mchicha, ni ukoo mmoja. Na mbolea ya kuku punguza, hiyo ndiyo inayokimbiza majani.

Mwaka huu nimepanda mbegu ya kale, Chioggia, jina la mji wa Italia karibu na Venice. Ukiikata mbichi utadhani pipi: duara jeupe, duara la waridi, jeupe, waridi, mpaka katikati. Siku ya wageni nikaichemsha nijisifu, miduara yote ikafifia, nikaandaa kitu cha rangi ya ufizi! Sasa naikata nyembamba, ndimu na chumvi, basi.

Mbegu ulizoomba siwezi kuzitia kwenye bahasha, mpakani zinadaiwa cheti cha afya ya mimea. Na kuzizalisha hapo Dar itakuwa kazi bure: bitiruti huchanua mwaka wa pili, tena baada ya kupigwa na baridi kwa wiki kadhaa. Mimi nimechagua sita nzurinzuri, nitazifukia kwenye mchanga stoo mpaka Machi, kisha nizirudishe ardhini. Shida ni jirani. Kapanda spinachi zile za mabua manene, na hizo na bitiruti ni mmea mmoja. Upepo ukichanganya chavua, mtoto hatafanana na mama. Nimemwomba aziondoe kabla hazijachanua. Kanitazama tu.

Halafu Baba akinywa juisi yake ya bitiruti, kesho yake akikojoa nyekundu, asikimbilie zahanati kama mwezi ule.

Wako,
Mwanao