Guru Dutt ana kazi, hana kifo tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu yako. Nimesoma makala yenu kuhusu Guru Dutt, mwigizaji na mwongozaji wa sinema za Kihindi aliyezaliwa Bangalore mwaka 1925. Nilifurahi kuliona jina lake gazetini, lakini nilipofika mwisho niliumia. Karibu makala yote imeliwa na mapenzi yake, ndoa yake na kifo chake cha Oktoba 1964, akiwa na miaka 39. Kazi yake imepata mistari miwili mitatu.

Sisi tuliokulia Tanga, picha la Kihindi tulilifuata kwa sababu ya stelingi na nyimbo. Nami nilikuwa hivyo, mpaka nilipokaa kuangalia Kaagaz Ke Phool, filamu yake ya 1959. Kuna mahali wahusika wawili, mwongozaji na mwigizaji wake, wamesimama mbalimbali ndani ya studio tupu. Mwanga mnene unashuka toka juu kama nguzo. Wimbo unasikika, sauti ya Geeta Dutt, mkewe mwenyewe, lakini hakuna anayefumbua kinywa. Mwanga ule ni jua la kweli: mpiga kamera V.K. Murthy aliliingiza studio kwa kuliakisi kwa vioo viwili vikubwa. Jina la Murthy halimo kabisa katika makala yenu.

Filamu hiyo, ya kwanza India kupigwa kwa CinemaScope, yaani picha pana sana, ilianguka vibaya sokoni. Guru Dutt hakuandika tena jina lake kama mwongozaji. Aliendelea kutengeneza na kuigiza. Hata Sahib Bibi Aur Ghulam ya 1962 jina la mwongozaji ni Abrar Alvi, mwandishi wake wa siku zote.

Halafu jicho lake kwa watu! Johnny Walker, aliyetuvunja mbavu miaka yote ile, alikuwa kondakta wa basi Bombay. Waheeda Rehman aliletwa na Guru Dutt kutoka sinema za Kitelugu, akampa nafasi katika filamu ya C.I.D., kisha Pyaasa.

Hiyo Pyaasa ya 1957 ndiyo ningependa wasomaji vijana waisikie. Stelingi Dilip Kumar aliikataa nafasi ya mhusika mkuu, mshairi, Guru Dutt akaicheza mwenyewe. Watu wanadhani mshairi amekufa. Waliomdharau wamejaza ukumbi kumwombolezea. Ghafla yuko mlangoni, mwanga nyuma yake, mikono ameitanua na kushika miimo, uso hauonekani. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara mwili unanisisimka.

Naomba mwandishi wenu arudi kwa Guru Dutt, safari hii aanzie hapo mlangoni. Nafasi ikiwa finyu, apunguze habari za ndoa.

Msomaji wenu,
Tanga